Kabla ya Kuuza Cherehani kwa Kilo

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano

Mwezi wa saba, nikitoka kwenye kikao cha wakazi huko Eastleigh, nilipita karibu na kibanda cha kununua vyuma chakavu kando ya Barabara ya General Waruinge. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya mizani. Juu ya mizani palikuwa na kichwa cha cherehani, cheusi, kimefungwa kwa leso.

"Mathe, hapa ni kilo kumi na tatu," kijana wa mizani alimwambia.

Mama hakujibu. Aliifungua leso, akaitazama cherehani, akaifunga tena.

Biashara ya mtu si yangu. Lakini mimi nililelewa na mlio wa cherehani kama hiyo. Mama yangu alishona sare za shule usiku, na sehemu ya karo iliyonifikisha chuo kikuu kusomea uandishi wa habari ilipitia chini ya sindano ile. Kwa hiyo nilimsalimu yule mama, nikamwomba ruhusa niiangalie. Nilishika gurudumu. Halikusogea hata kidogo.

"Imekufa hiyo," alisema. "Ilikuwa ya mama mkwe. Imekaa chini ya kitanda miaka sita, na mjukuu wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo."

Nilimwambia kwamba cherehani ya aina ile haifi kirahisi. Mara nyingi huwa imeziba tu. Nikamweleza la kufanya usiku ule, na gharama yake ni bei ya kikombe cha mafuta ya taa. Alinitazama kama mtu anayepima uongo. Kisha akamwambia kijana wa mizani atarudi kesho, akaibeba mzigo wake kichwani.

Makala haya yametokana na mazungumzo yale. Wakazi wengi wa Eastleigh, Pumwani, California na mitaa jirani wana kitu kama hicho ndani ya nyumba: cherehani ya nyanya, pasi ya makaa, stovu ya pampu, karabai, redio ya mbao, jiriwa ya babu. Vijana kadhaa wameanza kuvifufua siku za mapumziko, wengine kwa mapenzi tu, wengine kwa matumaini ya kupata chochote. Ni kazi nzuri ya mikono. Pia ina hatari zake, na baadhi ya hatari hizo zinaweza kuchoma ploti nzima. Yote mawili yanahitaji kuelezwa.

Kwa nini vitu hivi viko hapa

Eastleigh ilianzishwa mwaka 1921. Wakazi wake wa kwanza walikuwa hasa Waasia na Wasomali, na kwa miaka mingi mtaa huu ulikuwa wa nyumba za familia na maduka madogo ya Wahindi na Wagoa. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ilikuwa sehemu ya barabara za mji wowote wa Afrika Mashariki: duka la vitambaa ndani, fundi kwenye baraza nje. Baada ya uhuru familia nyingi za Kiasia zilihama, na vyombo vyao vikabaki kwa wapangaji, kwa wafanyakazi wa nyumbani na kwa mafundi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 walifika wakimbizi wengi, vyumba vya kulala wageni vya Garissa Lodge vikageuka maduka, na vitambaa vikawa mojawapo ya bidhaa kuu za mtaa. Leo jumba la biashara limefuatana na jumba la biashara, na mashine za umeme za kushonea hazihesabiki. Zile za kukanyaga zimesukumwa chini ya vitanda.

Upande wa chini, Kamukunji na Gikomba, upo ujuzi wa chuma ambao mitaa mingi ya Nairobi inautamani. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ndiyo iliyoufanya ulimwengu uanze kuzungumzia kwa uzito kazi za watu wasio na ofisi wala mishahara. Mafundi waliokuwa wakigonga mabati juani hawakuhitaji ripoti kujua kwamba wanafanya kazi. Jina walilopewa, jua kali, limebaki hata kwa wale ambao sasa wana paa. Kwa hiyo anayefufua pasi ya zamani Eastleigh ana bahati: akikosa bawaba, skrubu au mpini, mtu wa kumtengenezea yuko mwendo wa dakika chache.

Lakini kufufua kuna tofauti na kurekebisha. Fundi wa kawaida analipwa kitu kifanye kazi leo, na si kosa lake akitumia kipuri chochote kilicho karibu. Anayefufua hana haraka. Anatafuta kwanza kifaa kilitengenezwa vipi, halafu anaondoa uchafu na kutu huku akibakiza kila kilicho cha asili. Nitasema maoni yangu hapa waziwazi: cherehani nyeusi iliyopuliziwa rangi ya fedha haijafufuliwa. Imepakwa rangi.

Cherehani

Tuanze na kuitambua. Isaac Merritt Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, lakini Singer nyingi zilizofika kwetu zilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Tazama upande wa kulia wa kitako cha mashine: kuna namba iliyochongwa. Namba inayoanza na herufi Y kwa kawaida ni ya miaka ya 1920 na 1930. Ile inayoanza na E ikifuatwa na herufi nyingine, kama EF au EH, ni ya kati ya miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ukiona muundo umeandikwa 15K, herufi K inasimama kwa Kilbowie, mahali kiwanda kile kilipojengwa. Butterfly, iliyotoka Shanghai na ambayo wengi tunaijua zaidi, imefuata muundo huohuo wa 15, na ndiyo maana bobini na kikombe chake mara nyingi huingia kwenye Singer bila ugomvi. Mwenye Singer ya zamani hana sababu ya kuhofia kukosa vipuri.

Namba hiyo ipige picha kwa simu kabla ya kufungua skrubu hata moja. Piga picha pia za kila upande. Kila unapofungua kitu, piga nyingine. Picha hizo ndizo zitakazokurudisha nyumbani ukipotea.

Sasa ugonjwa. Gurudumu likiwa limekwama kabisa, sababu huwa moja kati ya mbili. Ya kwanza ni vipande vya uzi vilivyoviringika nyuma ya gurudumu au kuingia ndani ya sehemu ya bobini, ambako huminywa mpaka vikawa vigumu kama kijiti. Toa bobini na kikombe chake, mulika kwa tochi, ving'oe kwa kibano au sindano. Ya pili ni mafuta yaliyokauka. Watu wengi wametia mafuta ya kupikia kwenye cherehani kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani hugeuka gundi, kama yale yanayoganda pembeni mwa sufuria, na gundi hiyo hushika chuma kwa nguvu ambayo mkono wa mtu haushindi. Mafuta ya injini nayo ni mazito mno, hukusanya vumbi.

Dawa ni mafuta ya taa. Fungua madirisha, zima jiko, usiwashe sigara wala mshumaa. Dondosha matone machache kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini. Acha usiku kucha. Asubuhi jaribu gurudumu kwa mikono miwili, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulazimisha. Likisogea hata upana wa ukucha, umeshinda. Ongeza matone, subiri, rudia. Kuna mashine hufunguka asubuhi ya kwanza, kuna nyingine huchukua wiki nzima. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchukua nyundo siku ya pili. Chuma cha kumimina hakipindi. Huvunjika, na hapo ndipo cherehani inakuwa kilo kweli.

Ikishalainika, futa mafuta yote ya taa kwa kitambaa kikavu, maana hayalainishi, huosha tu. Kisha tia mafuta ya cherehani yenyewe, yale meupe mepesi, tone moja kila tundu, na uizungushe dakika kadhaa.

Wapo wanaokuta gurudumu linazunguka vizuri lakini sindano imetulia. Hiyo si mashine mbovu. Katikati ya gurudumu kuna kifundo kidogo cha kulegeza wakati wa kujaza bobini. Kimelegezwa, mtu akasahau kukikaza.

Kuhusu usafi wa nje, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo uzuri wa miaka themanini hupotea kwa dakika moja. Maua ya dhahabu kwenye Singer yamefunikwa na vanishi ya shelaki. Spiriti huiyeyusha. Dawa ya kufuta rangi ya kucha vilevile. Sabuni kali na sufi ya chuma pia ni adui. Tumia mafuta ya cherehani na kitambaa laini cha pamba, fulana kuukuu inatosha, na usugue polepole. Uchafu wa manjano utatoka na kuacha weusi unaong'aa. Katika mashine nyingine utaona picha ya sfinksi ya Misri, simba mwenye uso wa mtu, imeibuka mahali ulipodhani pana kutu.

Halafu sindano. Eastleigh kuna sindano za kila aina, na wengi hununua za mashine kubwa za viwandani, zenye shina la mviringo, kwa sababu ndizo zinazouzwa kila kona. Haziingii sawasawa kwenye muundo wa 15. Omba sindano ya cherehani ya nyumbani, yenye ubavu mmoja bapa. Itazame: ina mfereji mrefu upande mmoja. Uzi huingia kwenye tundu kutokea upande wa mfereji. Ukiigeuza, mashine itazunguka vizuri na haitashika hata mshono mmoja, na utailaumu bure.

Jambo lingine linalosumbua: uzi kujikunja chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Watu hukimbilia bobini. Kwa kawaida kosa liko juu. Inua mguu wa kukandamiza kitambaa kabla ya kutia uzi, ili visahani vya kubana vifunguke na uzi ukae katikati yake. Visahani hivyo navyo hujaa vumbi la nyuzi, visafishe kwa kupitisha ukanda mwembamba wa kitambaa.

Mwisho ni mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu. Ukichakaa hurefuka na kuteleza. Huunganishwa kwa kipande cha waya mithili ya kibanio. Fungua, kata kidogo, toboa tundu jipya, unganisha. Usikate kwa pupa. Mkanda uliobana sana hufanya miguu ichoke na vyuma viliwe.

Pasi ya makaa

Hii ndiyo rahisi kuanza nayo, hasa kwa vijana. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko, na mara nyingi kitasa chake kina umbo la jogoo. Kutu ya nje huondoka kwa brashi ya waya na msasa laini. Tako, ile sehemu inayogusa nguo, lipitishwe msasa mwembamba zaidi, kwenda na kurudi upande mmoja, mpaka liteleze. Mpini wa mbao ukiwa umepasuka, seremala wa Gikomba atachonga mwingine. Ukimaliza, paka mafuta kidogo ili kutu isirudi.

Ikiwa jogoo au sehemu nyingine ni ya shaba, usitumie sufi ya chuma. Ndimu na majivu yaliyochekechwa hufanya kazi hiyo kwa upole, na huko Pwani wengi husafisha shaba kwa ukwaju. Suuza, kausha kabisa.

Kisha iweke kwenye kabati. Nasema hivyo kwa makusudi. Mtu anayetaka kuitumia aitumie nje, uani au mahali pa wazi, na makaa yazimwe nje pia. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Msimu wa baridi jijini ndio wakati watu huingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto, na pasi ya makaa kifuani mwake ni jiko kama jiko lingine.

Stovu na karabai

Stovu ya pampu tunayoijua ilitokana na ubunifu wa Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden mwaka 1892, ile iliyoitwa Primus. Jina la karabai nalo linakumbusha taa za zamani zilizowaka kwa kabaidi na maji, lakini karabai iliyoko kwenye dari ya nyumba nyingi ni ya mafuta ya taa na presha, ya ukoo wa Petromax ya Ujerumani. Zote mbili zina kanuni moja: unapampu hewa ndani ya tangi, hewa inasukuma mafuta juu, mafuta yanapita kwenye bomba la moto na kugeuka mvuke, mvuke ndio unaowaka.

Tangu Septemba 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, stovu nyingi za Nairobi ziliwekwa kando. Ndiyo maana zinapatikana kwa wingi sasa, nyingine za shaba safi. Zinavutia. Ni hizi pia zinazonitia wasiwasi zaidi ya vifaa vyote katika makala haya, kwa sababu nyumba zetu ni za kupanga, ngazi ni moja, na mlango wa jirani uko hatua mbili kutoka wako.

Pampu isiyosukuma kwa kawaida ina washa ya ngozi iliyokauka. Itoe, ilainishe kwa mafuta, ipanue kwa vidole, irudishe. Tundu la moto likiziba, lizibue kwa pini yake nyembamba. Sindano ya kushonea hulipanua, na tundu lililopanuka hutoa moto mrefu wa njano na moshi. Tangi lipimwe kabla halijatiwa mafuta hata tone: lipampu hewa tupu, lizamishe kwenye beseni la maji, angalia mapovu. Likitoa mapovu kwenye maungio, lisitumike mpaka lipelekwe kwa fundi anayejua kuchomelea matangi, na mwambie wazi lilikuwa na mafuta. Kamwe usitafute mvujo kwa kiberiti. Kamwe usitie petroli, na mafuta ya taa yenye harufu ya petroli yarudishe ulikoyanunua. Usiongeze mafuta stovu ikiwa ya moto. Moto wa mafuta usiumwagie maji, utauzima kwa mchanga au kwa blanketi zito lililoloanishwa, na ukishindwa toka nje, gonga milango ya majirani, piga 999 au 112.

Ndani ya karabai kuna kile kimfuko cheupe cha wavu kinachotoa mwanga. Vimfuko vya zamani vilitiwa thoriamu, madini yenye mnururisho. Ukikuta cha zamani kimebaki majivu, usikipulize kwa mdomo. Kiloweshe, kikusanye kwa karatasi ndani ya mfuko, na unawe mikono.

Vya umeme

Hapa nitakuwa mfupi, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asianze na hivi.

Kifaa cha zamani kilichotoka Uingereza kina nyaya za rangi nyekundu, nyeusi na kijani. Nyekundu ndiyo ya moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ya ardhi. Za sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Mtu anayedhani waya mweusi daima hauna madhara ajue kwamba umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240 na hauulizi umri. Mpira na kitambaa kilichofunika nyaya za zamani hupasuka ukikunja tu, kwa hiyo waya wote ubadilishwe, usifungwe kwa utepe. Pasi na vipasha joto vya zamani huenda vilikingwa kwa asbesto, zile nyuzi za kijivu au nyeupe karibu na sehemu ya moto. Vumbi lake linaharibu mapafu. Usisugue, usipulize, mwachie anayejua. Redio ya vali huweza kushika chaji hatari hata ikiwa imechomolewa.

Friji kuukuu si kazi ya mapenzi. Usikate bomba lake, gesi ya zamani inadhuru angahewa. Na kama inasubiri kuondolewa, ng'oa mlango leo. Zile zenye kitasa cha kubana hazifunguki kutoka ndani, na watoto hupenda kujificha.

Sheria na majirani

Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Wengi wanakumbuka Januari 2022, nguzo za stima zilipoanguka, nchi ikawa gizani, na biashara yote ya vyuma chakavu ikasimamishwa kwa miezi kadhaa. Wewe unayenunua jiriwa au cherehani kutoka kibandani unahusika vipi? Nunua kwa mwenye leseni, omba risiti, andika namba ya kifaa kwenye risiti hiyo. Hata kama ni kitu kimoja kwa mwaka. Kifaa kikija kudaiwa kuwa cha wizi, karatasi ndiyo itakayokusemea.

Kufufua cha kwako nyumbani hakuhitaji kibali. Ukianza kupokea vya watu na kulipwa, hiyo ni biashara, na biashara jijini inahitaji leseni ya kaunti. Ulizia katika ofisi ya kaunti ndogo ya Kamukunji. Anayetaka cheti cha ufundi anaweza kufanya mtihani wa daraja wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, unaoanzia daraja la tatu. Mtihani ule hupima mikono, na wapo mafundi walioupita bila kukaa darasani.

Yapo na mengine ambayo ofisi yetu huletewa malalamiko kila mara. Ngazi ya ploti si karakana, ndiyo njia ya kutokea moto ukizuka. Kugonga chuma saa nne za usiku ni kumnyima jirani usingizi. Na mafuta machafu ya taa yasimwagwe kwenye mtaro, maana mitaro yetu huishia mtoni. Yakusanye kwenye chupa, yaache yatulie, sehemu safi itumie tena kusafishia, tope lililobaki lichanganye na vumbi la mbao na ulifunge kabla ya kulitoa na taka. Vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pembeni, vianike vimetandazwa.

Inalipa?

Swali hili huulizwa kila mara, na sitadanganya mtu. Pasi ya makaa uliyoisugua Jumamosi nzima haitakulipia kodi ya nyumba. Kuna hoteli na wapambaji wanaonunua vitu hivi kwa mapambo, lakini si kila wiki. Vifaa vya mikono hulipa kwa njia nyingine: randa, tindo au jiriwa ya zamani iliyonolewa na kupakwa mafuta hufanya kazi iliyotengenezewa, na kijana aliyejifunza useremala hana haja ya kununua mpya. Cherehani ndiyo pekee katika orodha yote ambayo inaweza kurudisha mkate mezani, kwa sababu stima ikikatika yenyewe inaendelea, na kupunguza suruali urefu au kutia zipu ni kazi isiyoisha katika mtaa unaouza nguo usiku na mchana.

Kwa kilo, chuma cha kumimina ni chuma tu, na mizani haijui kushona. Mwenye shida ana haki ya kuuza alichonacho, na sitamhukumu. Ninachoomba ni kwamba gurudumu lijaribiwe kwanza, kwa mafuta ya taa na usiku mmoja.

Yule mama alinipigia simu siku ya nne. Alisema asubuhi ya kwanza halikusogea, ya pili likasogea kidogo, na siku ya tatu mjukuu alilizungusha lote. Alikuwa amekwisha kushona foronya moja. Mjukuu bado alikuwa nyumbani, lakini mwalimu alikubali apokee karo kwa mafungu, na jirani wawili walikuwa wameleta suruali za kukatwa. Shida iliyobaki ni kwamba ukikanyaga, gurudumu la chini linakwenda na la juu linasitasita.

"Ni mkanda, mama," nilimwambia. "Kata sentimita moja. Moja tu, halafu ujaribu."